Prosesa Inachemka, Shemeji Haji

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta imefika. Ya kupozwa kwa maji! Ina pampu, mipira miwili, na rejeta kama ya gari, sema nyembamba. Muuzaji aliniuliza nafanya kazi gani hata nikahitaji mtambo kama ule. Nikamwambia nahariri video za harusi. Akasema mbona kwa kazi hiyo hata kompyuta ya kawaida inatosha. Nikamwambia afunge maboksi.

Hakujua. Hajui mtu, ndiyo maana naandika hapa. Kompyuta hii ni chambo.

Samaki ni shemeji. Ni fundi wa majokofu na viyoyozi, mtu asiyeweza kupita karibu na kitu kinachopoza kitu kingine bila kuinama na kuuliza maswali. Nimewahi kumwona msibani akiacha sahani yake ya chakula akaenda jikoni kusikiliza friji ya wafiwa. Alikuwa anakuja hapa kila Ijumaa jioni. Tunacheza drafti, ananitukana, namtukana, anaenda zake. Kisha dada yake akaondoka kwangu na masanduku, talaka ikapita, na shemeji naye, bila mtu kumwambia, akatoweka kama aliyetalikiwa yeye.

Kumkosa dada yake nimezoea. Ijumaa sijazoea.

Na sasa dada mtu anaolewa tena. Jumamosi ya wiki ijayo! Anaolewa na muuza mapazia wa barabara ya pili, jitu refu lenye sauti ya upole. Jina lake analo, ila siliandiki. "Mapazia" litamtosha. Akishaoa, yeye ndiye shemeji halali. Mimi nitakuwa nani? Nimefikiri mpaka chai imepoa. Kuna mkwe, kuna wifi, kuna mkazamwana, kuna mwanyumba. Jina la mtu aliyebaki kama mimi, hamna.

Lazima shemeji akanyage sakafu hii kabla ya Jumamosi ile. Akizoea kwa Mapazia, basi tena.

Jumanne, 4 Machi

Nimeiunganisha mwenyewe. Nimejifunza kwa video ya kijana mmoja anayeongea haraka kama dalali wa mnadani. Nilimsikiliza mwanzo, nikamruka katikati kwa sababu alianza kujisifu, nikamrudia mwisho. Pesti ya kijivu ya kupitisha joto juu ya prosesa, ule ubongo wake, kiasi cha punje ya haragwe. Kichwa cha pampu juu yake. Skrubu nne. Rejeta juu, feni chini yake. Imewaka mara ya kwanza! Taa za bluu, maji yananong'ona ndani ya mipira. Nilikaa nikaitazama kama mtoto wangu aliyefaulu.

Kioo cha ubavuni nimekiacha na nailoni yake. Nyumba hii hatuvui vitu nguo. Viti vina nailoni, rimoti ina nailoni, godoro linalia ukigeuka. Siku ya kikao cha kutusuluhisha, mtalaka wangu aliwaambia wazee kwamba ameishi na mwanamume ambaye hajawahi kukalia kiti chake mwenyewe, anakalia nailoni. Watu walicheka. Shemeji alicheka kuliko wote, mpaka akatoka nje. Haya, sawa. Yeye hayupo. Viti vipo, vipya.

Mchana nimempigia shemeji. Nikamwambia nimenunua kompyuta ya maji. Nikajua amenusa chambo. Akauliza rejeta ina ukubwa gani. Nikasema mambo ya rejeta hayasimuliwi, yanaonwa. Akacheka kidogo. Akasema sawa, kaka, akipata nafasi.

Kaka! Miaka yote hiyo ni shem huku, shem kule, leo kaka. Kaka ni mtu unayemwomba akupishe mlangoni.

Alhamisi, 6 Machi

Hajaja. Nimegundua kosa la mpango wangu. Mashine nzima haimwiti fundi. Nani humwita daktari kumwonyesha mtu mwenye afya? Inatakiwa iumwe. Nikaamua kumwambia inachemka. Uongo mdogo, hauna mwiba.

Kabla ya kupiga nikaona nifanye kazi kidogo. Nikafungua harusi ya bwana mmoja wa mwezi uliopita, nikaiambia kompyuta iitoe video nzima. Nikaangalia kipimo cha joto. Sitini. Themanini. Tisini na saba. Kioo kikawa cheusi, pu! Nikawasha tena. Themanini, tisini na saba, pu!

Nimeomba ugonjwa wa uongo, nimepewa wa kweli.

Nikapiga simu na kilio halisi, sikuhitaji hata kuigiza. Shemeji akawa daktari papo hapo. Feni zinazunguka? Zinazunguka. Pampu inatetemeka ukiigusa? Inatetemeka. Akaniambia nishike ile mipira miwili mashine ikiwa imepanda joto, nimwambie upi wa moto. Nikashika. Yote miwili baridi kama pua ya mbwa. Akasema ajabu hiyo, prosesa inaungua na maji yake yako baridi, maana yake joto haliingii kwenye maji. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikaona kamba inakaza! Nikasema basi aje aone. Akasema atalifikiria, kwa sasa yupo kwa muuza mapazia anafunga kiyoyozi.

Nyuma ya sauti yake nikasikia tak, tak-tak. Kiyoyozi hakilii hivyo. Naijua sauti hiyo hata usingizini. Ni kete za drafti.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kuthibitisha. Ng'ambo ya duka la mapazia kuna duka la vyombo vya plastiki. Nikasimama pale nikichagua ndoo kwa makini ya mtu anayechagua mchumba.

Ni kweli. Bao limewekwa juu ya jora la kitambaa, shemeji upande huu, Mapazia upande ule. Kiyoyozi kimeshafungwa ukutani, kinapuliza raha mustarehe. Na Mapazia anachezaje! Anasogeza kete kama mtu anayepanga glasi kabatini. Halafu nikaona shemeji anagonga meza na kucheka. Amefungwa. Amekubali kufungwa! Mimi hajawahi kuniachia hata mchezo mmoja, hata nilipokuwa na homa, alinifunga akanifunika blanketi.

Mwenye duka akaniuliza kama nanunua au nalinda. Nikanunua beseni.

Nikageuka, Mapazia huyo hapa mbele yangu. Amevuka barabara makusudi. Akanipa mkono kwa mikono miwili. Akaniuliza afya, akaniuliza kazi, akasema angefurahi sana nikifika Jumamosi, maana mimi si mtu baki. Mtu hana hata chembe ya dharau ya kumshikia! Adui mwenye adabu ni adhabu. Nikasema nina kazi nyingi. Akaona beseni, akauliza la nini. Nikasema la kompyuta. Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni kule. Akainua mkono. Nikainua beseni. Hakuvuka.

Ijumaa ya leo nimecheza drafti mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Wa kushoto unaiba.

Jumapili, 9 Machi

Yule bwana harusi mwenye video amepiga. Mkewe anauliza video. Nikasema inapikwa. Akasema mbona inapikwa tangu mwezi uliopita, ni maharage? Nikasema taratibu.

Basi nimejaribu kuitibu mwenyewe. Kwanza feni kubwa ya sebuleni ikiipulizia ubavuni. Tisini na saba, pu! Kisha beseni. Nimelijaza barafu, nikaweka mbao mbili, kompyuta juu yake kama bibi harusi. Tisini na saba, pu! Kisha nikapata wazo ambalo mpaka sasa naliona zuri. Nikafungua friji, nikatoa rafu ya chini, nikaisukuma kompyuta nusu ndani nusu nje, nikaketi mbele yake na kibodi mapajani, mlango wa friji umenikumbatia bega.

Tisini na saba. Pu.

Maziwa yameganda yakawa mabonge. Na friji, kwa kuachwa wazi mchana kutwa, ikaanza kulia kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Nilitaka kulia nayo. Ndipo akili ikanijia kama umeme. Friji inaumwa! Shemeji ni fundi wa friji! Kweli shari huzaa heri.

Nikapiga. Nikasema friji inakufa. Akauliza imeanza lini. Nikasema leo. Akauliza leo imefanyiwa nini. Hapo nikakosea, nikasema kweli. Kikafuata kicheko. Alicheka akaweka simu chini, akairudia, akacheka tena. Nikamsikia anamsimulia mtu. Mtu huyo naye akacheka, kwa upole. Akaniambia nitoe kompyuta, niikaushe, nifunge mlango wa friji, nisubiri.

Nikasubiri. Friji imepona. Msaliti!

Lakini alicheka kile kicheko cha siku ya kikao. Nilikuwa sijakisikia siku nyingi. Nimebaki jikoni nimeshika simu ambayo imeshakatwa.

Jumatatu, 10 Machi

Amepiga yeye! Yeye mwenyewe, asubuhi, mimi sijamaliza kuvaa. Anasema amelala akiwaza ile mipira baridi. Ama pampu inatetemeka bila kusukuma maji, ama kile kisahani cha shaba chini ya kichwa cha pampu hakijakaa sawa juu ya prosesa. Akasema nisiguse, nisije nikaiingiza kwenye oveni. Alhamisi ana kazi upande wetu. Atapita.

ATAPITA!

Nimezunguka nyumba. Nimefagia chini ya vitu ambavyo havina chini.

Sasa, mtu akikuambia usiguse, mkono unawasha. Mchana nikafungua zile skrubu nne nitazame tu. Kichwa cha pampu kikatoka na mlio wa kunata. Nikakigeuza.

Nailoni.

Juu ya kisahani cha shaba, safi, imenyooka, haina hata mkunjo. Imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba ibanduliwe kabla ya kufunga. Nimeivisha prosesa koti la mvua, halafu nashangaa maji hayaifikii! Yule kijana wa video bila shaka alilisema hili pale katikati, nilipodhani anajisifu.

Nikaibandua. Nikafuta pesti, nikapaka mpya, nikafunga. Nikaipa harusi nzima iitoe, nyimbo na hotuba na keki. Arobaini na nane. Hamsini na moja. Hamsini na moja. Mpira mmoja ukawa na uvuguvugu, kama mkono wa mtu. Ilifanya kazi mpaka mwisho na haikuzima. Nimemtumia bwana harusi video yake. Amejibu kwa neno moja: "Hatimaye."

Nilipiga makofi peke yangu. Kisha nikaacha kupiga.

Alhamisi anakuja fundi, mgonjwa amepona. Atasimama mlangoni, atasema vizuri, kaka, ataangalia saa yake. Jumamosi harusi. Baada ya hapo ana shemeji mwenye duka, kiyoyozi na bao lake mwenyewe. Mimi nitampigia kumwambia nini? Kwamba mashine ni nzima na mimi ni mzima?

Nailoni ilikuwa juu ya meza, imejikunja pembeni kidogo.

Nimeirudisha.

Jumatano, 12 Machi

Jaribio la mwisho. Tisini na saba, pu! Mgonjwa anaumwa vizuri.

Maandalizi. Soda zipo kwenye friji. Bao la drafti nimelifuta. Kete moja nyeupe ilipotea siku nyingi, nimeweka kifuniko cha chupa kama zamani. Nimefanya mazoezi ya uso mbele ya kioo cha bafuni, kwa ajili ya ile saa atakapoigundua nailoni. Macho wazi, mkono kifuani, halafu, Lo! Nailoni! Mara ya kwanza nilifanana na mtu aliyeumwa na nyuki. Mara ya pili na nyuki mwenyewe. Mara ya tatu ikakubali.

Kwa kuwa mashine inazima, kazi nimeifanyia kwenye laptopu kuukuu, polepole, bila sauti. Harusi ya watu nisiowajua, kama kawaida. Mimi nimehudhuria harusi nyingi kuliko washenga wote wa mji huu na sijawahi kupewa hata kipande cha keki. Kuna sehemu mashemeji wawili wamesimama kupigwa picha. Mmoja anamkanyaga mwenzake kiatu kwa siri, mwenzake anamfinya ubavuni, wote nyuso za heshima. Sekunde chache tu.

Nikarudisha nyuma. Nikatazama. Nikarudisha tena. Sikuwa nakata chochote.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika yote, hata yanayouma.

Mlango ukagongwa. Nikafungua. Shemeji, amenenepa, sanduku la zana mkononi. Na nyuma yake, akiinama asigonge kizingiti, Mapazia! Eti ndiye aliyemleta kwa gari. Nikawakaribisha. Mapazia akakaa, kiti kikalia kwiii, akainuka akaomba radhi kwa kiti. Kisha akasogea dirishani, akashika pazia langu kwa vidole viwili, akaliachia taratibu kama anayemfunika marehemu. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Shemeji alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mashine. Alikuwa na ule uso wake wa kufungua friji za watu. Akagusa rejeta, akagusa mipira, akaweka sikio kwenye pampu. Nikawa nasikia raha.

Mapazia akaona bao. Akauliza kama tucheze tukisubiri. Nikaona mungu wa drafti amemleta machinjioni. Huyu anayeachiwa ashinde! Nikapanga kete. Jicho moja kwenye bao, jicho moja kwa shemeji. Kabla sijajua, Mapazia amekula tatu kwa mruko mmoja, akaomba samahani. Mchezo wa pili akanimaliza kwa kile kifuniko cha chupa. Kumbe kule dukani hakuachiwa. Yule mtu anacheza!

Ndiyo maana nilichanganyikiwa. Nikasikia bisibisi inazunguka. Skrubu ya kwanza. Skrubu ya pili. Nikaogopa nitachelewa, nikaruka kutoka kitini, mkono kifuani, macho wazi, nikasema kwa sauti, Lo! Nailoni!

Shemeji alikuwa bado hajafika skrubu ya tatu.

Feni ya rejeta ikazunguka ikasimama. Mapazia akaanza kupanga kete ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Shemeji akamaliza skrubu zake polepole, bila kunitazama, akainua kichwa cha pampu, akakigeuza. Akaibandua ile nailoni kwa kucha, akaielekeza dirishani. Pesti upande huu. Pesti upande ule, ile iliyobaki kwenye kisahani nilipoirudisha. Akamwomba Mapazia akachukue koleo kwenye gari. Koleo lilikuwa ndani ya sanduku, juu kabisa, hata mimi naliona. Mapazia akasema haya, akatoka akafunga mlango nyuma yake. Yule mtu ana akili, lazima niseme.

"Shem," akasema shemeji. Shem! Nikataka kushangilia, nikaona si mahali pake. "Shem, ulishaiondoa hii, halafu ukairudisha."

Nikasema ndiyo.

Akauliza nina ujinga huu tangu lini. Nikasema wa kuzaliwa, amuulize dada yake. Hakucheka. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye meza. Akasema yeye ndiye aliyebeba yale masanduku siku ile, mawili, moja kila mkono, mimi nimesimama hapo hapo mlangoni. Alidhani sura yake sitaki kuiona tena. Akasema Ijumaa mbili tatu amefika mpaka pale kona, akaona taa yangu, akaanza kujiuliza ataingia kama nani, akarudi.

Mimi nikawaza, mimi nilikuwa ndani najiuliza hilo hilo. Ila sikusema. Nilisema soda zipo.

Akasema soda baadaye. Akaninyooshea bisibisi usoni. Akasema siku nikitaka kumwona nipige simu niseme njoo. Njoo tu. Nisiunguze mashine, nisiue friji, nisinunue beseni. Kwani kuna mtu hupewa talaka ya drafti? Akaniapisha. Nikaapa kwa mkono ulioshika kete.

Kisha akaibandika ile nailoni kwenye paji la uso wangu, akaipaka prosesa pesti kama mtu anayejua, akafunga. Hamsini. Mapazia akarudi, akasema koleo hakuliona. Sote tukasema si kitu. Alipoona paji langu hakuuliza.

Shemeji alinifunga michezo miwili kabla hawajaondoka. Aliniita kipofu, kondoo, na mtu wa kuchezea kete za watoto. Jioni nzuri sana.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda. Suti nilikuwa nayo, imekaa kwenye nailoni yake tangu ile harusi nyingine.

Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali pa watu wasiojulikana upande wao. Nikawa namkosoa mpiga video kimoyomoyo, kamera yake inatetemeka kama ina baridi. Nilikuwa nimepanga kuondoka kabla ya picha. Saa ya picha za familia watu huitwa kwa vikundi, na mimi sina kikundi.

Wakaita upande wa bibi harusi. Shemeji akatoka mstarini, akaja mpaka nyuma, akanishika mkono wa koti. Nikamwambia asifanye utoto, watu wanatazama. Akasema watazame, wamekuja kutazama. Akanivuta.

Mpiga picha akauliza huyu ni nani, nimweke wapi. Shemeji akasema ni shemeji. Mpiga picha akamwangalia Mapazia, akaniangalia mimi, akauliza shemeji wa nani. Shemeji akasema, "Wewe piga picha."

Mtalaka wangu aligeuza shingo akaniona. Akatikisa kichwa kama alivyokuwa akitikisa kila nilipoleta kitu kipya nyumbani. Kisha akasogea, kidogo, upana wa bega moja. Nikaingia. Mapazia akaninong'oneza, "Karibu sana." Nilipokuwa nimeweka uso wa heshima, shemeji akanikanyaga kiatu.

Keki nimepewa. Kipande cha pembeni, chenye sukari nyingi.

Nyumbani kimya. Ila kimya chenye shibe.

Ijumaa, 21 Machi

Leo ndiyo leo. Ijumaa ya kwanza ya haki. Mashine nzima, hamsini na moja, inanong'ona tu. Hakuna kinachoungua. Kinachotakiwa ni neno moja. Nimelifanyia mazoezi nikipiga mswaki. Njoo. Nimelisema kwa furaha, nimelisema kwa kawaida, nimelisema kama mtu asiyejali sana. Si neno gumu. Watoto wanalijua. Hata mbwa wanalielewa.

Mchana nikapiga. Akapokea mara moja. Akasema, "Shem!" Halafu akasubiri. Najua alikuwa anasubiri. Nikawaza, je, nikisema njoo, akasema leo hawezi? Mashine ikikataliwa, imekataliwa mashine. Mimi nikikataliwa, nani tena?

Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba printa, mashine ya kuchapia, inatoa moshi.

Akauliza moshi wa rangi gani.

Hilo sikuwa nimelipanga. Nikasema wa kijani.

Nikamsikia anamwambia mtu aliye pembeni kwamba eti ni wa kijani. Mtu huyo, kwa sauti yake ya upole, akauliza kama aje na bao lake, maana langu lina upungufu wa kete. Shemeji akashusha pumzi ndani ya simu mpaka sikio likapata joto. Akasema wanakuja saa kumi na mbili. Nisiguse kitu.

Wanakuja! Mpango umefaulu tangu kichwani mpaka unyayoni. Nani alisema ujanja hauna faida? Kimebaki kitu kimoja kidogo.

Sina mashine ya kuchapia.

Maduka yanafunga saa kumi na moja. Viatu vyangu viko wapi?